Wakili wa Shelisheli

Wasomaji wetu wa pwani, na wengi wa bara pia, waujua mti wa mshelisheli. Majani yake ni mapana, na tunda lake likichomwa au likipikwa kwa tui la nazi lashibisha nyumba nzima. Lakini si wote walao tunda hili wajuao ya kuwa jina lake ni jina la nchi. Nchi hiyo ni visiwa vya Shelisheli, vilivyo katika bahari upande wa mashariki, kadiri ya maili 1,000 kutoka Mombasa. Mwezi huu twataka kueleza habari za mtu mmoja wa visiwa hivyo, wakili France-Albert René, aliyekuwa mtawala wa nchi ile karibu miaka 27. Tumeichagua habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni habari ya jirani, nasi kwa kawaida twajua habari za mbali kuliko habari za jirani. Pili, ni habari ya mtu aliyesomea sheria, akaivunja, kisha akairudisha kwa mkono wake mwenyewe. Na mambo hayo matatu hayaonekani mara nyingi katika maisha ya mtu mmoja.

Visiwa vile ni 115, lakini vingi ni vidogo mno. Ukivikusanya vyote ardhi yake haizidi maili za mraba 176, yaani ni nchi ambayo wilaya moja ya kwetu yaweza kuimeza bila kushiba. Kilicho kikubwa ni Mahé, chenye mji mkuu wa Victoria, na milima mirefu inayoanguka moja kwa moja mpaka baharini. Zamani hapakuwa na mtu. Wafaransa walianza kukaa mwaka 1770, wakaleta watumwa kutoka Afrika na Bukini. Mwaka 1814 visiwa vikawa vya Waingereza kwa mapatano, lakini lugha na desturi za Kifaransa zikabaki, na watu wakafanya lugha yao wenyewe, Kikreoli, wanayoisema hata leo. Walio wengi ni Wakristo wa Kanisa Katoliki.

Tena damu ya watu wa huku kwetu imo. Kutoka mwaka 1861 manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu, watu zaidi ya 2,000 waliofunguliwa walipelekwa kushushwa Mahé, wala hawakurudi tena makwao. Mwaka 1876 wamisionari wa C.M.S. walifungua shule juu mlimani kwa watoto wa watu hao, wakaiita Venn's Town. Ilifungwa mwaka 1889, na mawe yake yapo mpaka leo. Na wasomaji wa Uganda hawahitaji kukumbushwa ya kuwa Kabaka Mwanga wa Buganda na Mukama Kabalega wa Bunyoro walihamishiwa huko mwaka 1899. Mwanga alibatizwa huko jina la Danieli, akafa huko mwaka 1903. Kabalega, aliyebatizwa Yohana, aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafa njiani karibu na Jinja, kabla hajaiona nchi yake. Hivyo kwa muda mrefu Shelisheli ilijulikana kwa wafalme waliofungwa kuliko kwa wenyeji wake. Hata Prempeh wa Ashanti alikaa huko tangu 1900 hata 1924, na Askofu Makarios wa Kupro aliwekwa huko mwaka 1956.

René alizaliwa tarehe 16 Novemba 1935. Alilelewa katika kisiwa cha Farquhar, kilicho mbali sana na Mahé upande wa kusini, mahali pa minazi na samaki na upepo, ambapo meli ilikuwa ikifika mara chache. Baba yake alikuwa msimamizi wa shamba la minazi. Mtoto akaletwa Mahé kusoma, akafaulu, akapata nafasi katika Seychelles College, shule iliyokuwa kubwa kuliko zote za wavulana katika visiwa vile. Mwaka 1954 akasafiri mpaka Uswisi kwa Mapadre Wakapuchini, nia yake ni kuwa padre.

Hakuwa padre. Aliiacha njia ile, akavuka kwenda Uingereza, akasoma sheria London, na mwaka 1957 akapokewa katika chama cha mawakili. Sisi hatuoni vema kumlaumu mtu kwa kuacha seminari. Afadhali aache mapema yule asiyeitwa kuliko kukaa bila moyo. Lakini twafikiri ya kuwa mafundisho yale ya kwanza hayakumtoka, kwa maana maisha yake yote alisema habari za maskini kama mtu aliyezisoma mapema. Alirudi Mahé mwaka 1958, akafungua kazi ya uwakili. Katika nchi ndogo kama ile mawakili walikuwa wachache sana, na wakili aliyekubali kusimama upande wa mchukuzi wa bandarini au mkata nazi alikuwa haba zaidi. Kisha akarudi tena London mwaka 1961 kusoma elimu ya uchumi, akakaa hata mwaka 1964.

Sasa lazima tumtaje mtu wa pili, maana habari ya huyu bila ya yule haieleweki. James Mancham alizaliwa Mahé mwaka 1939, mtoto wa mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya Kichina. Alisoma shule ile ile ya Seychelles College, akaenda London vile vile, akapokewa katika uwakili mwaka 1961. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye maneno matamu, apendaye mavazi mazuri na karamu, na watu walimpenda. René alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kusikiliza sana na kusema kidogo. Basi mwaka 1964, mwaka mmoja, mawakili hawa wawili walianzisha vyama viwili. Chama cha Mancham kiliitwa Democratic Party, na cha René kiliitwa People's United Party. René alisema: Tujitawale. Mancham alisema: Tuko wachache na maskini, na tushikamane na Uingereza daima. Wafanyakazi wakamfuata René, naye akawaongoza katika vyama vyao na migomo yao. Wenye maduka na mashamba, na maskini wengi pia walioogopa mambo mapya, wakamfuata Mancham.

Mwaka 1965 Waingereza walivitenga visiwa vitatu, Aldabra na Desroches na Farquhar, wakavitia katika koloni jipya walilolifanya kwa ajili ya mambo ya vita baharini. Hivyo kisiwa alicholelewa René kilitolewa katika nchi yake kwa karatasi iliyotiwa sahihi London. Kwa kulipa badala yake Waingereza walijenga uwanja wa eropleni Mahé. Malkia Elizabeth alikuja kuufungua mwezi wa Machi 1972. Kabla ya hapo msafiri alipanda meli Mombasa au Bombay na kukaa baharini siku kadha wa kadha. Baada ya hapo wageni wa Ulaya walianza kumiminika kutazama fukwe, na nchi iliyokuwa ikiuza nazi kavu na mdalasini ikaanza kuuza jua.

Twafika katika jambo ambalo twaomba wasomaji walifikiri vizuri, kwa sababu ndilo mzizi wa mengine. Katika uchaguzi wa mwaka 1974 chama cha Mancham kilipata kura 52 katika kila 100, na chama cha René kilipata zaidi ya 47. Tofauti ni ndogo. Lakini viti vya baraza vilikuwa 15, na katika hivyo Mancham alipata 13 na René 2 tu. Watu wengi husikia habari hii wakadhani ni udanganyifu. Si lazima iwe hivyo. Tufanye hesabu kama darasani. Tuseme pana vijiji 15, kila kimoja kina wapiga kura 100, na kila kijiji huchagua mzee mmoja. Katika vijiji 13 watu 55 wamchagua mtu wa upande wa Petro, na 45 wamchagua mtu wa upande wa Yohana. Katika vijiji 2 watu 64 wamchagua wa Yohana. Hesabu kura za Yohana zote: ni 713 katika 1,500, karibu nusu ya watu wote. Hesabu wazee wake: ni 2. Hakuna aliyeiba hata kura moja, na sheria imefuatwa. Lakini karibu nusu ya watu wamekaa nje ya nyumba. Bwana René, wakili, aliijua sheria ile vizuri, akajua pia ya kuwa kwa sheria ile angeweza kukaa nje ya nyumba miaka mingi.

Mwaka ule ule Mancham aligeuza nia, akakubali nchi ijitawale, kwa maana Waingereza wenyewe hawakutaka tena kushikamana. Mwaka 1975 vyama viwili viliungana kufanya serikali moja, na tarehe 29 Juni 1976 bendera ya Uingereza ilishushwa. Mancham akawa Rais, na René akawa Waziri Mkuu. Siku hiyo visiwa vile vitatu vilirudishwa, na Farquhar ikawa tena ya Shelisheli. Mawakili wawili wakapeana mikono mbele ya watu. Ulikuwa urafiki wa miezi 11.

Mwezi wa Juni 1977 Rais Mancham alikuwa London, amekwenda katika mkutano wa wakubwa wa nchi za Jumuiya ya Madola na sherehe ya Malkia ya miaka 25. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 5 Juni, makumi ya watu wenye bunduki waliingia katika ghala la silaha la polisi, wakashika kituo cha redio na mahali pengine pakubwa. Nchi haikuwa na jeshi, ilikuwa na polisi tu. Watu wachache waliuawa, na miongoni mwao askari polisi aliyekuwa akifanya kazi yake. Asubuhi ilipopambazuka mambo yalikuwa yamekwisha. Mancham aliamshwa London kwa simu, akaambiwa ya kuwa yeye si Rais tena. René akaapishwa kushika mahali pake, akaiweka kando katiba, akatawala kwa amri.

Mwanzo René alisema ya kuwa jambo lile lilifanywa bila yeye kulijua. Baadaye serikali yake iliiita siku ile siku ya Ukombozi, nayo ikawa sikukuu ya taifa kwa miaka mingi; na mtu hafanyi sikukuu kwa jambo asilolikubali. Sababu alizozitoa zilikuwa mbili: ya kwanza kwamba Mancham alikuwa akiponda fedha na kukaa ng'ambo huku maskini wakiwa maskini, na ya pili kwamba alikusudia kuusogeza mbele uchaguzi uliokuwa ufanywe mwaka 1979. Mancham aliikana. Sisi twasema hivi: shtaka la pili, kama lilikuwa kweli, lilikuwa shtaka zito. Lakini palikuwa na mahakama, palikuwa na baraza, na René alikuwa Waziri Mkuu mwenye nusu ya watu nyuma yake. Mkulima asiyejua kusoma akichukua panga kwa sababu haijui njia ya barazani, twaweza kumhurumia. Wakili aijua njia.

Wala hatuwezi kulipita kimya jambo jingine, kwa kuwa lawahusu wasomaji wetu wengi. Watu waliofanya kazi ya usiku ule walikuwa wamefundishwa Tanzania. Chama cha René kilikuwa kimetambuliwa na Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, na wakati ule wengi wa Tanzania walikiona ni chama cha wanyonge kama vyama vya Msumbiji na Angola. Lakini Msumbiji na Angola zilikuwa chini ya Wareno, na Shelisheli ilikwisha kuwa na bendera yake na baraza lililochaguliwa. Tofauti hiyo si ndogo. Twaona ya kuwa katika shauri hili jirani alimsaidia ndugu mmoja dhidi ya ndugu mwingine ndani ya nyumba yao, na msaada wa namna hiyo haukomi upesi. Kweli haukukoma; maana askari wa Tanzania walikwenda Mahé kumlinda mtawala mpya, wakakaa huko miaka.

Na walihitajiwa. Tarehe 25 Novemba 1981 watu kadiri ya 50 walishuka katika uwanja wa eropleni wa Mahé wakijifanya wageni wa mapumziko, wanachama wa chama cha kunywa bia. Mikoba yao ilikuwa na vitu vya kuchezea watoto, wakasema ni zawadi za mayatima; chini yake walificha bunduki. Kiongozi wao alikuwa Mike Hoare, mtu aliyejulikana kwa vita vya mshahara katika Kongo. Mtu wa forodha akaiona bunduki moja katika mkoba, na hila yote ikafunuka. Walipigana usiku uwanjani, kisha wengi wao wakaikamata eropleni ya Air India iliyotua, wakairusha mpaka Durban. Kusudi lao, ilisemwa, lilikuwa kumrudisha Mancham. Mwaka uliofuata Hoare alihukumiwa Afrika ya Kusini kifungo cha miaka 10 kwa kuikamata eropleni ile. Mwezi wa Agosti 1982 askari wa René wenyewe waliasi, wakashika redio na kushika watu; nao walishindwa kwa msaada wa askari wa Tanzania. Hivyo ndivyo ilivyo. Aliyeingia kwa bunduki akawa hana budi kulala na bunduki karibu.

Sasa tuutazame upande wa pili wa mtu huyu, maana si haki kumpima kwa usiku mmoja. Alipopata nguvu hakujijengea mnara. Alifungua shule kwa watoto wote bila ada, na hospitali bila malipo. Wazee na wajane na wagonjwa waliwekewa fungu la fedha la kuwasaidia. Mtoto wa mkata nazi akaanza kukaa benchi moja na mtoto wa mwenye shamba, jambo ambalo René alipokuwa mdogo halikuwapo. Kikreoli, lugha iliyokuwa ikidharauliwa kama lugha ya jikoni, kilianza kufundishwa shuleni pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 1987 kiwanda cha kutia samaki katika makopo kilifunguliwa Victoria, kikawa chanzo kikubwa cha kazi. Msitu wa Vallée de Mai katika kisiwa cha Praslin, uotao minazi ya ajabu yenye mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani, ulihifadhiwa, na kisiwa cha Aldabra chenye makobe wakubwa vile vile. Vyote viwili vikaandikwa katika orodha ya UNESCO, Aldabra mwaka 1982 na Vallée de Mai mwaka 1983. Ukilinganisha nchi nyingi za Afrika zilizojitawala zamani zile, Shelisheli ilipita mbele katika afya na elimu, na watu wasiompenda René hulikubali jambo hili ingawa kwa shingo upande.

Tena alikuwa mwerevu wa kujadiliana. Marekani walikuwa na kituo juu ya mlima wa Mahé tangu mwaka 1963 cha kutazama vyombo vyao vya angani. Watu walidhani René, msoshalisti na rafiki wa Urusi, angewafukuza siku ya kwanza. Hakuwafukuza. Aliwaacha mlimani, akapokea kodi yao kila mwaka, akasalimiana na manowari za Urusi bandarini chini yake. Uwakili ule haukumtoka!

Lakini hesabu ina mstari mwingine. Tangu 1979 katiba mpya iliruhusu chama kimoja tu, na katika chaguzi tatu René alisimama peke yake, akapata kura zaidi ya 90 katika kila 100. Ushindi wa namna hiyo hauna ladha. Watu walitiwa kizuizini bila kuhukumiwa. Ardhi za wengi zilitwaliwa na serikali. Maelfu walihama, katika nchi ambayo watu wake wote wakati ule walikuwa 60,000 na kitu. Ndiyo kusema karibu kila ukoo ulikuwa na mtu ng'ambo. Mwaka 1985 Gérard Hoarau, kiongozi wa wapinzani waliokimbia, aliuawa kwa risasi London mbele ya nyumba yake, wala hakuna aliyehukumiwa kwa kumwua. Na vijana waliomaliza masomo ya kwanza walitakiwa kwenda kambini kwa miaka miwili, kukaa mbali na wazazi wao, wakisoma na kulima pamoja. Habari ya mpango huo ilipojulikana mwaka 1979 watoto wa shule wenyewe walitoka barabarani kuukataa. Hata hivyo ulianzishwa mwaka 1981, ukadumu hata 1998. Sisi tulio walimu twajua faida ya kuwakusanya vijana mahali pamoja. Lakini kijana wa miaka kumi na mitano ni wa wazazi wake kwanza, na serikali ni ya pili.

Mwezi wa Desemba 1991 René alitangaza ya kuwa vyama vingi vitaruhusiwa tena. Wengine husema ni kwa sababu Urusi ilikuwa inavunjika na Wafaransa na Waingereza walikuwa wakimshurutisha. Yamkini ni kweli. Lakini watawala wengi walishurutishwa miaka ile, na wengine walichagua kuichoma nchi kuliko kuifungua. Mwezi wa Aprili 1992 Mancham alirudi Mahé baada ya miaka karibu 15 ng'ambo. Mawakili wawili, wazee sasa, walikutana tena, na safari hii kazi ilikuwa ile waliyoisomea: kuandika katiba.

Andiko la kwanza lilipigiwa kura Novemba 1992. Waliokubali walikuwa 53 na zaidi katika kila 100. Kwa nchi nyingine ingekuwa basi. Lakini kanuni iliyowekwa ilitaka 60. René, mwenye jeshi, mwenye redio, mwenye miaka 15 ya kufanya alivyotaka, aliona andiko la upande wake limeanguka kwa kura chache. Naye akakubali ya kuwa limeanguka. Wakakaa tena mezani, wakasikiliza upinzani na Kanisa, wakaandika upya, na mwezi wa Juni 1993 watu karibu 74 katika kila 100 waliikubali katiba mpya. Ndani yake iliwekwa hata njia ya watu kudai ardhi zao zilizotwaliwa tangu 1977. Kwetu sisi kura ile ya Novemba ni siku kubwa katika maisha ya René kuliko tarehe 5 Juni, ingawa haikufanywa sikukuu.

Mwezi wa Julai 1993 walishindana, na watu wakaulizwa. René alipata kura 59 na zaidi katika 100, Mancham alipata 36 na zaidi. Hapa mtu aweza kuuliza, nasi tumejiuliza mara nyingi: kama angengoja uchaguzi wa mwaka 1979, je, asingeshinda kwa haki? Mwaka 1998 walishindana tena, na Mancham akawa wa tatu. Wa pili alikuwa Wavel Ramkalawan, kasisi wa Kianglikana, ambaye baadaye, mwaka 2020, alikishinda chama alichokiacha René. Mancham hakununa. Tangu hapo kazi yake ikawa kuhubiri mapatano, akakaa karamu moja na mtu aliyemnyang'anya kiti. Alikufa Januari 2017. René mwenyewe aliacha urais kwa hiari mwezi wa Aprili 2004, akampa makamu wake James Michel, naye akafa tarehe 27 Februari 2019, mwenye miaka 83.

Mwaka kabla hajafa baraza la nchi lilitunga sheria ya kuweka tume ya ukweli na mapatano, isikilize habari za usiku wa 5 Juni 1977 na yote yaliyofuata: waliouawa, waliopotea, waliofungwa, walionyang'anywa mashamba. Tume ilianza kazi katikati ya mwaka 2019, ikawasikiliza watu waliokaa kimya miaka arobaini, wajane na watoto wa waliokufa, na hata baadhi ya wale walioshika bunduki usiku ule. Mambo mengi aliyejua jibu lake alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa amezikwa miezi michache tu kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa.